Mauzo, malipo na faida: namba tatu zinazomtatiza anayeuza mtandaoni

Januari 2024 wauzaji wadogo wa mtandaoni nchini Uingereza walishikwa na taharuki. Habari zilienea kwamba serikali imeanzisha kodi mpya kwa kila anayeuza vitu kupitia majukwaa kama eBay na Vinted. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, HMRC, ikabidi ieleze kuwa hakuna kodi mpya iliyotungwa. Kilichoanza siku ya kwanza ya mwaka ule ni wajibu wa majukwaa kukusanya taarifa za wauzaji wao na kuzikabidhi serikalini. Sheria ya kodi yenyewe ilikuwa palepale.

Taharuki ya namna hiyo hutokea nchi nyingi, kwa sababu neno "kodi ya mtandaoni" linawafanya watu wadhani kuna kodi moja maalumu inayomsubiri mtu aliyefungua duka kwenye simu. Haipo. Anayeuza viatu kupitia ukurasa wake wa Instagram anabanwa na kodi zilezile zinazombana mwenye duka: kodi ya mapato, kodi ya matumizi ambayo nchi nyingi huiita VAT, na ushuru wa forodha kama mzigo unavuka mpaka. Matatizo mengi niliyoyaona hayatokani na sheria kuwa ngumu. Yanatokana na muuzaji kutumia namba moja kujibu maswali tofauti.

Namba zenyewe ni tatu. Chukua bidhaa iliyouzwa kwa 100. Jukwaa linakata kamisheni ya 12, usafirishaji unakatwa 8, na kinachoingia kwenye akaunti ya muuzaji ni 80. Bidhaa hiyo aliinunua kwa 55. Basi mauzo ni 100, malipo yaliyoingia ni 80, na faida ni 25. Namba anayoiona kila siku ni ile ya 80, kwa hiyo ndiyo inayomkaa kichwani na ndiyo anayoiandika kwenye fomu. Bahati mbaya, hiyo ndiyo namba ambayo kodi hizi haziitumii. Kodi ya mapato kwa kawaida inatafuta 25. Viwango vya kujisajili VAT vinatazama mauzo, yaani 100. Ripoti ambayo jukwaa linaipeleka serikalini huonyesha mauzo pamoja na ada zilizokatwa. Mtu anayetangaza kuwa mauzo yake ni 80 hajaiba chochote, lakini hesabu yake haitalingana na karatasi iliyoko mezani kwa ofisa wa kodi, na hapo maswali yanaanza.

Kabla ya hesabu: je, hii ni biashara?

Kuuza kabati ulilolitumia miaka sita, kwa bei ndogo kuliko uliyolinunulia, hakuleti faida, na pasipo faida kodi ya mapato haina cha kushika. Hilo halibadiliki kwa kuwa tangazo liliwekwa mtandaoni. Hali inabadilika pale unapoanza kununua ili uuze, au kutengeneza ili uuze.

Mpaka kati ya hayo mawili umesumbua mahakama tangu zamani. Mwaka 1955 tume ya kifalme iliyochunguza kodi nchini Uingereza iliorodhesha ishara sita za kutambulisha biashara: aina ya kitu kilichouzwa, muda kilichokaa mikononi mwa muuzaji, mara ngapi mauzo ya aina hiyo yanafanyika, kazi iliyofanywa ili kukiboresha, sababu iliyomfanya auze, na nia aliyokuwa nayo alipokinunua. Hakuna ishara hata moja inayouliza kama uliuza dukani au kwa simu. Na hakuna inayosema mauzo ya mara moja yanasalimika. Katika kesi ya Rutledge ya mwaka 1929, mtu mmoja akiwa safarini Berlin alinunua roli milioni moja za karatasi za chooni, akaziuza zote kwa mnunuzi mmoja. Hakuwa na duka, na hakurudia. Mahakama ya Uskoti ikaona kuwa hakuna mtu anayenunua karatasi kiasi hicho kwa matumizi ya nyumbani, hivyo faida ile ni ya biashara na itatozwa.

Nchi kadhaa huwaachia wauzaji wadogo nafasi ya kupumua. Uingereza tangu Aprili 2017 haidai chochote kwenye £1,000 za kwanza za biashara ndogo kwa mwaka. Lakini hapa tena zile namba tatu zinajitokeza: £1,000 hiyo ni ya mapato ghafi, kabla hujatoa gharama. Aliyeuza vitu vya £1,400 akabaki na faida ya £200 amevuka mstari na anatakiwa kujitambulisha, hata kama mwishowe kodi atakayolipa ni ndogo au hakuna kabisa. Wajibu wa kutangaza na wajibu wa kulipa ni vitu viwili, na faini za wauzaji wadogo mara nyingi zinatokana na ule wa kwanza.

Faida ambayo akaunti ya benki haiioni

Tuseme muuzaji wetu ameamua kununua kwa jumla. Mwaka huu amenunua pea 100 za viatu kwa 55 kila moja, jumla 5,500. Mpaka mwaka unakwisha ameuza pea 60 kwa 100 kila moja, na kila pea imekatwa 20 za kamisheni na usafiri. Akitazama akaunti yake, zimeingia 4,800 na zimetoka 5,500. Yuko chini kwa 700. Anaapa kuwa mwaka huu amepata hasara.

Kwa hesabu za kawaida za kodi, hapana. Gharama inayohesabika ni ya bidhaa zilizouzwa tu: pea 60 kwa 55 ni 3,300. Mauzo ni 6,000. Toa 3,300, toa 1,200 za kamisheni na usafiri, inabaki faida ya 1,500. Zile pea 40 zilizobaki ni mali aliyonayo, na gharama yake itatolewa mwaka zitakapouzwa. Kwa hiyo anaweza kudaiwa kodi huku mfukoni hana kitu, pesa yote imelala kwenye maboksi. Hili huwaangusha wauzaji wengi wanaokua haraka, na ni sababu tosha ya kuhesabu mzigo siku ya mwisho ya mwaka wa kodi badala ya kuukadiria miezi mitatu baadaye. Baadhi ya nchi huwaruhusu wadogo kuhesabu kwa pesa iliyoingia na kutoka. Uingereza imeufanya huo kuwa utaratibu wa kawaida wa waliojiajiri tangu Aprili 2024. Ukiwa chini ya utaratibu wa namna hiyo picha inageuka, kwa hiyo jambo la kwanza kulijua ni utaratibu upi unakuhusu.

Kuna gharama zinazosahaulika kwa sababu hazipiti mkononi: kamisheni, ada ya kupokea malipo kwa kadi, ada ya kubadilisha fedha, matangazo yanayokatwa moja kwa moja kwenye mauzo. Zote hizi hutolewa kwenye hesabu ya faida, mradi uwe umeanza na mauzo kamili. Ukianza na kile kilichoingia kisha ukatoa kamisheni tena, umeitoa mara mbili. Kwa upande mwingine, pesa uliyojichotea kula si gharama ya biashara, hata kama uliiandika "mshahara". Mwenye biashara asiye na kampuni iliyosajiliwa hajilipi mshahara. Anachukua sehemu ya faida ambayo tayari inatozwa.

Halafu kuna nchi zinazokwepa usumbufu huu wote kwa kutoza mauzo badala ya faida. Kenya, kwa mfano, ina kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3 kwa biashara zinazouza zaidi ya shilingi milioni 1 lakini zisizozidi milioni 25 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Julai 2023. Urahisi wake unavutia: chukua mauzo, zidisha, lipa. Ila asilimia 3 si ndogo kama inavyosikika. Kwa bidhaa yetu inayoacha faida ya 25 katika kila 100, ni asilimia 12 ya faida. Kwa anayeuza simu au vifaa vya umeme akibaki na 5 tu katika kila 100, ni asilimia 60 ya faida yake. Aliyepata hasara pia analipa. Ndiyo maana sheria ya Kenya inamruhusu mfanyabiashara aombe kutoka kwenye mfumo huo na kutozwa kwa faida, na kwa maoni yangu yeyote anayeuza bidhaa za faida nyembamba afanye hesabu hiyo kabla ya kukubali urahisi.

VAT: kodi ya mnunuzi inayopita mikononi mwako

VAT ilianza Ufaransa mwaka 1954 na leo zaidi ya nchi 170 zinaitoza. Wauzaji wengi huiogopa kuliko kodi nyingine yoyote, ilhali kimsingi si kodi yao. Mnunuzi ndiye anayelipa. Muuzaji anakusanya, anatoa VAT aliyolipa mwenyewe kwenye manunuzi, kisha anapeleka tofauti. Maumivu yanaanza pale muuzaji alipofikia kiwango cha usajili asijue, akaendelea kuuza kwa bei ileile.

Turudi kwenye bidhaa ya 100, na kiwango cha VAT kiwe asilimia 18. Ukishatakiwa kusajiliwa, ile 100 unayomtoza mteja inahesabiwa kuwa tayari ina VAT ndani yake. Kodi iliyomo ni 100 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 15.25. Faida yako ya 25 imeshuka hadi 9.75. Kama bidhaa ya 55 uliinunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na akakupa ankara halali ya kodi, utarejeshewa 8.39 iliyomo humo na hali itatengemaa kidogo. Kama uliinunua bila ankara, hurejeshewi kitu. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtu anachukua asilimia 18 ya 118 badala ya kuitoa ndani ya 118, anapeleka 21.24 mahali pa 18, na hakuna atakayempigia simu kumwambia amelipa zaidi.

Kiwango cha usajili, kama nilivyogusia, kinapimwa kwa mauzo. Uingereza ni £90,000 tangu Aprili 2024, Tanzania ni shilingi milioni 200 tangu Julai 2023, Kenya ni shilingi milioni 5. Mtu mwenye faida ndogo lakini mzunguko mkubwa anavuka mapema kuliko anavyodhani. Na katika nchi nyingi kipimo ni miezi 12 mfululizo, wala hakisubiri Desemba. Mwezi mmoja wa sikukuu unaweza kukuvusha.

Mpaka hapa intaneti haijabadilisha lolote. Inapoingia ni kwenye swali la mahali. Duka la mtaani linauza pale lilipo. Mauzo ya mtandaoni, kwa kanuni iliyoenea duniani, hutozwa kodi ya matumizi kule bidhaa inakofika. Marekani ilichukua muda kulikubali hilo. Haina VAT ya taifa. Majimbo 45 na Washington D.C. yanatoza kodi zao za mauzo, na kwa uamuzi wa mwaka 1992 katika kesi ya Quill jimbo halikuweza kumlazimisha muuzaji asiye na ofisi, ghala wala mfanyakazi ndani yake kukusanya kodi hiyo. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, majaji watano dhidi ya wanne, ikaufuta uamuzi ule katika kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair. Sheria ya South Dakota ilimgusa muuzaji aliyeingiza zaidi ya $100,000 jimboni humo kwa mwaka au aliyefanya miamala 200. Majimbo mengine yakafuata. Muuzaji asiyewahi kukanyaga jimbo anaweza kudaiwa humo.

Umoja wa Ulaya ulibadilisha mfumo wake tarehe 1 Julai 2021. Hadi siku hiyo vifurushi vya chini ya €22 kutoka nje viliingia bila VAT. Msamaha huo ukafutwa, kila kifurushi kikawa na VAT. Ili muuzaji asilazimike kujisajili katika nchi 27, kukawekwa madirisha ya usajili mmoja, mojawapo likiwa la bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zisizozidi €150. Muuzaji mdogo aliye ndani ya Umoja anaweza kuendelea kutoza VAT ya nchi yake mpaka mauzo yake kwa wateja wa nchi nyingine wanachama yafikie €10,000 kwa mwaka, zote zikijumlishwa pamoja.

Badiliko kubwa zaidi la mwaka ule, nadhani, ni lile la kumfanya mwenye soko awe muuzaji mbele ya sheria. Katika mauzo ya bidhaa hizo za kutoka nje zisizozidi €150, jukwaa linahesabiwa kana kwamba lilinunua kutoka kwako na kumuuzia mteja. Linatoza VAT, linaipeleka, nawe hukusanyi. Australia ilitangulia Julai 2018 kwa bidhaa za hadi dola zake 1,000, na majimbo ya Marekani yanafanya kitu kinachofanana. Ni nafuu ya kweli kwa muuzaji, lakini ina mtego. Jukwaa limebeba kodi ya mnunuzi tu, na kwa mauzo yaliyopita ndani yake tu. Kodi ya mapato bado ni yako. Mauzo uliyofanya kupitia tovuti yako mwenyewe au kwa ujumbe wa WhatsApp bado ni yako. Na ukihifadhi mzigo kwenye ghala la jukwaa katika nchi nyingine, kuwepo kwa mzigo huo peke yake kunaweza kukulazimu ujisajili VAT huko, hata kabla ya kuuza pea moja. Wauzaji hubofya kisanduku cha kuruhusu mzigo wao usambazwe kwenye maghala ya nchi kadhaa wakidhani wamechagua aina ya usafirishaji tu.

Forodha nitaipitia kwa ufupi, kwa kuwa anayeshikwa ni yule anayetajwa kwenye hati kuwa mwagizaji. Kama hati hazisemi lolote, kwa kawaida ni mteja, naye atalaumu wewe. Viwango vya msamaha wa vifurushi vidogo vilivyozoeleka vinaondoka: Marekani ilikuwa ikipitisha vifurushi vya hadi $800 bila ushuru tangu 2016, na tarehe 29 Agosti 2025 ilisitisha utaratibu huo kwa nchi zote. Bei zilizopangwa kwa kutegemea msamaha ule zilipaswa kukokotolewa upya kwa usiku mmoja.

Jukwaa linapoongea na serikali

Kanuni za mfano za kuripoti zilitolewa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, mwaka 2020. Umoja wa Ulaya ulianza kuzitumia Januari 2023, Uingereza mwaka uliofuata. Jukwaa linapeleka jina la muuzaji, anwani, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki na mapato ya kila robo ya mwaka pamoja na ada zilizokatwa. Muuzaji wa bidhaa anayefanya mauzo chini ya 30 kwa mwaka, na yasiyozidi €2,000, haripotiwi. Marekani ilijaribu kushusha kiwango chake cha kuripoti hadi $600 kwa sheria ya 2021, ikaahirisha mara kwa mara, na Julai 2025 ikarudi kwenye kile cha zamani: zaidi ya $20,000 na zaidi ya miamala 200.

Hapa ndipo upotoshaji hustawi. Watu husoma "30 na €2,000" wakaelewa kuwa chini ya hapo hakuna kodi. Viwango hivyo vinamwambia mwenye jukwaa nani wa kumripoti. Havimwambii muuzaji nani analipa. Aliyepata faida ya biashara kwa mauzo 12 anadaiwa ingawa jina lake halikupelekwa, na aliyeuza nguo 45 za watoto wake waliokua, kwa bei ya hasara, anaweza kuripotiwa na asidaiwe kitu.

Nchi nyingine hazitosheki na taarifa, zinakata kabisa. India tangu Oktoba 2020 inayataka masoko ya mtandaoni yakate kodi ya zuio kwenye malipo ya muuzaji. Kiwango cha sheria kilikuwa asilimia 1, na Oktoba 2024 kikashushwa hadi 0.1. Kinachokatwa kinahesabika ndani ya kodi ya mapato ya mwaka, ni malipo ya awali. Asiyewasilisha ritani hawezi kuidai ikiwa imezidi, na asiyetunza cheti cha makato atabishana na ofisa bila ushahidi.

Kumbukumbu ya kutunza, basi, si ile taarifa ya benki peke yake. Pakua ripoti ya miamala ya kila mwezi kutoka kwenye jukwaa, yenye bei kamili, makato na marejesho kwa kila oda. Bidhaa iliyorudishwa inapunguza mauzo, lakini kwa kawaida kamisheni hairudi yote, kwa hiyo iandike kwa mistari miwili. Mauzo ya fedha za kigeni yabadilishwe kwa kiwango kinachokubaliwa na mamlaka ya kodi, kwa tarehe ya mauzo ikiwa hesabu zako hufuata mauzo badala ya pesa iliyoingia, wala si kwa kile jukwaa lilichokupa wiki mbili baadaye. Hifadhi nakala nje ya jukwaa, maana akaunti ikifungwa na ripoti zimefungwa nayo. Kwa anayetumia madirisha ya VAT ya Umoja wa Ulaya, sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 10.

Mwenye miaka ya nyuma ambayo hakutangaza ana njia, na haianzii kwa kusubiri barua. Mamlaka nyingi za kodi hupunguza faini kwa anayejitokeza mwenyewe kabla hajaitwa, na punguzo hilo husinyaa uchunguzi ukishaanza. Aanze kwa kujenga upya mauzo ya kila mwaka kutoka kwenye ripoti za jukwaa, atafute ankara za manunuzi kwa wauzaji wake wa jumla wangali na nakala, ndipo aende na hesabu ya faida mkononi. Asiye na ankara za manunuzi anaweza kukuta ofisa ana namba moja tu ya kuanzia, nayo ni ile ya mauzo.